Sahani ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 20 Julai 1998

Muhula wa tatu umeanza leo. Daftari hili nimepewa na baba yake rafiki yangu Chepngetich, ambaye ni mhadhiri kutoka Kenya na anakaa Glenwood, hapa Durban, katika nyumba yenye vitabu mpaka chooni. Alinipa kwa sharti moja: niandike kwa Kiswahili, kwa sababu shuleni ni Kiingereza tangu kengele ya kwanza. Nitaandika kama Sista Goreth alivyotufundisha Bukavu, kwetu Kongo. Ukiandika “iko” pasipo pake, alikuwa anapiga mstari mwekundu. Lakini watu wa nyumbani wakisema, nitaandika walivyosema, maana Mama akisema kama kitabu hatakuwa Mama tena.

Tunakaa Greyville, ghorofa ya tatu, mimi, Mama na baba mdogo Pierre-Claver. Dirisha la jikoni linatazama uwanja wa mbio za farasi. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa wa ini nikiwa na miaka sita. Babu, baba yake, alikuwa Mwami wa Ntambira. Ntambira ni milima minne na kijito kimoja, si ufalme mkubwa. Babu aliuawa Novemba 1996, vita vilipofika. Hatujui amelala wapi, kwa hiyo matanga yetu hayajaondolewa. Baba mdogo ndiye mwanawe aliyebaki. Tangu siku ile hajanyoa ndevu, na jina la Babu halitajwi ndani ya nyumba.

Jumanne, 21 Julai

Mwisho wa muhula tutacheza mchezo wa kuigiza kuhusu Waviking, watu wa zamani wa kaskazini ya Ulaya waliokuwa wakisafiri kwa mashua ndefu. Mwalimu wetu wa historia, Bi. Moonsamy, ameutunga mwenyewe. Mfalme Ragvald anauawa mezani na mtumishi wake. Watoto wake wawili wanamtafuta muuaji kisiwa kwa kisiwa, majira matatu ya baridi, mpaka wanamkuta amezeeka, analisha nguruwe. Wanamuua. Binti, Torgunn, anasema neno la mwisho: “Sasa baba amelala.”

Torgunn ni mimi. Kaka yangu Eystein ni Chepngetich, kwa kuwa shule yetu ni ya wasichana. Ndevu zake zimetengenezwa kwa nyuzi za fagio la kupigia deki.

“Wee, hizi ndevu zinaniwasha!” alisema. “Wanaume wanavumilia aje?”

Nilimfikiria baba mdogo, nikacheka kidogo kuliko wenzangu.

Ijumaa, 24 Julai

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike sheria moja ya kale ya kwao. Niliandika sheria ya chungu. Kwa watu wa Ntambira, aliyekula kutoka jiko la mwami, ukoo wa mwami hauwezi kumwaga damu yake, hata akiwa amefanya nini. Lakini chakula lazima kitoke mkononi mwa mtu wa nyumba hiyo, na kisiwe kimenunuliwa.

Nilieleza habari ya mwizi wa ng’ombe aliyekuwa akifukuzwa na watu wenye mikuki. Alikimbilia jikoni kwa Nyanya, akachovya kidole kwenye maharagwe, akakilamba. Nyanya alimpiga mkono kwa mwiko. Wale wenye mikuki wakasema, “Huyo hajapewa, ameiba tena!” Basi Nyanya, huku bado anamtukana, akamjazia bakuli na kumpa kwa mkono wake. Babu alicheka mpaka akakaa chini. Yule mwizi alichunga ng’ombe wa Babu miaka kumi na moja.

Jumamosi, 25 Julai

Jumamosi Mama anapika chakula cha kuuza, ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki, nami nawapelekea walinzi wa magari kwenye uwanja wa kuegesha karibu na soko. Wote ni watu wa kwetu Kongo. Huyu alikuwa mwalimu, yule fundi wa redio, sasa wanavaa vizibao vya rangi ya chungwa na kuwaonyesha madereva pa kuingia. Sahani ni kumi na moja, bati jeupe. Ya kumi na mbili ina ukingo wa buluu.

“Ile ya buluu si ya kulipa,” Mama aliniambia tangu Juni. “Unapatia ule mwanaume wa mwisho, karibu na robot. Hauulize kitu.” Robot hapa ni taa za barabarani.

Nilifikiri anamwonea huruma tu, kwa kuwa ni mwembamba kama mwavuli uliofungwa. Wenzake wanamwita Zénon. Hanitazami usoni. Anapokea kwa mikono miwili na kukunja goti kidogo, kama wazee wa kwetu. Wengine hula nikiwasubiri. Yeye hukaa na sahani mpaka jioni, na nikirudi kuichukua huwa imeoshwa, na ndani ameweka kitu. Kwetu sahani hairudishwi tupu. Leo aliweka machenza mawili.

Jumatano, 29 Julai

Upepo. Nguo tulizoanika zimeruka hadi kwa jirani.

Alhamisi, 6 Agosti

Vita vimeanza tena kwetu. Baba mdogo alikwenda kwenye duka la simu kabla ya kazi na baada ya kazi. Bukavu haipatikani. Yeye anafanya kazi bandarini, anafunga makontena kwa minyororo juu ya malori, na mikono yake inanuka chuma hata akinawa mara mbili.

Tukiwa mezani alisema, “Kama tungemupata ule mutu, haya yote yangekuwa na mwisho.”

Mama akamjibu, “Vita ya taifa nzima itaisha sababu weye umeua mutu mumoja? Kula, shemegi.”

“Ule mutu” ni mlinzi wa lango la Babu. Usiku ule alifungua lango, watu wenye bunduki wakaingia, wakaondoka na Babu. Baba mdogo anaandika barua kwa watu wa kwetu Lusaka, Nairobi, Johannesburg, kila mwezi, akiuliza habari zake. Mimi ndiye ninayeandika anwani kwenye bahasha, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Zamani nilikuwa naona fahari.

Jumamosi, 8 Agosti

Sahani ya buluu ilirudi na kiberiti kipya. Mama alikiweka kando, hakukitumia.

Alhamisi, 13 Agosti

Mazoezi. Nilisahau neno langu la mwisho. Maneno matatu tu! Chepngetich akaniambia, “Torgunn, kwani umemezwa na nguruwe?”

Jumatatu, 17 Agosti

Barua imetoka Johannesburg kwa Blaise, aliyekuwa karani wa Babu. Baba mdogo aliisoma amesimama, kisha akanipa niisome kwa sauti, labda asikie kama kinywa kingine kitasema jambo tofauti. Blaise anasema mlinzi wa lango alipita Johannesburg mwaka jana, akaelekea Durban. Amekonda, huenda hatambuliki upesi, lakini mkono wa kushoto hauna kidole kidogo. Kilikatwa na mashine ya kahawa tangu ujana.

Niliikunja barua vizuri katika mikunjo yake ya zamani. Nilikuwa nauona ule mkono. Nimeuona kila Jumamosi chini ya ukingo wa buluu: vidole vinne.

Sikumjua, kwa sababu nilisoma mjini kwa masista, na Ntambira nilikwenda likizo tu. Nilisema, “Ndiyo hivyo, baba mdogo, hakuna kingine kilichoandikwa.” Si uongo. Lakini nilijisikia kama mtu aliyesema uongo.

Jumanne, 18 Agosti

Niliomba ruhusa ya kuondoka shuleni mapema nimkute Mama peke yake. Alikuwa anachambua majani ya sombe.

Nilisema, “Mama, yule wa sahani ya buluu. Mkono wake.”

Hakuinua macho. Alichambua majani matatu au manne zaidi.

“Umemwambia baba yako mudogo?”

“Hapana.”

“Jumamosi upeleke kama siku zote. Usichelewe.”

Nilisubiri aongeze neno. Aliongeza maji kwenye sufuria.

Mama anajua! Anamlisha mtu aliyemfungulia kifo lango, tena bure. Leo nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Babu ndiye aliyenifundisha kusoma, kidole chake kikitembea chini ya mstari, na mimi ninampelekea mlinzi wake samaki.

Alhamisi, 20 Agosti

Sijalala vizuri. Naandika ninachokiogopa, labda kitapungua. Baba mdogo akimpata, atamuua, na polisi watamchukua. Atazeeka gerezani katika nchi ya watu. Tutabaki wawili, na Babu atakuwa hana kaburi bado. Asipomuua, atakaa na ndevu zile na barua zile mpaka afe, na bado Babu hatakuwa na kaburi. Nimejaribu kuchagua kati ya hayo mawili na nimeshindwa.

Kwenye mazoezi nilimuuliza Bi. Moonsamy, “Asubuhi iliyofuata, baada ya kumuua yule mzee, Torgunn na kaka yake walikula nini?”

Wasichana walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, “Waliosimulia hadithi zile hawakuandika asubuhi.” Baadaye aliniita kando, akasema nikilipata jibu nimwambie.

Ijumaa, 21 Agosti

Baba mdogo ameniuliza kesho natoka na sahani saa ngapi. Hajawahi kuuliza. Wiki hii yote amekuwa akiwauliza watu wa kwetu habari za mkono usio na kidole kidogo.

Jumamosi, 22 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulipika. Mama alipakua sahani kumi na moja, halafu ya buluu, samaki mkubwa kuliko wengine. Baba mdogo alikuwa ameondoka asubuhi na mfuko wake wa kazi, ingawa Jumamosi hii hana zamu. Nilimwambia Mama kwamba aliniuliza saa. Mikono yake ilisimama juu ya kifuniko.

“Basi nenda mbio. Anza na ule wa mwisho. Mupatie yeye wa kwanza.”

Nilikwenda mbio na beseni kichwani. Upepo wa Agosti ulikuwa unarusha mchanga na karatasi. Josias, yule fundi wa redio, alinipigia kelele, “Eish, Laurette! Leo unatupita kama hatuna tumbo?” Sikusimama. Nilifika karibu na robot, nikampa Zénon sahani yake. Akapokea kwa mikono miwili, akakunja goti, akamega tonge la kwanza, akalitia kinywani.

Hapo nilimwona baba mdogo akija kati ya magari. Mfuko ulikuwa wazi na mkono wake umo ndani. Sitaandika nilichokiona mle ndani. Kila mtu wa kwetu anakijua, tunakatia migomba.

Zénon naye alimwona. Nilidhani atakimbia, barabara ilikuwa wazi nyuma yake. Alipiga magoti yote mawili juu ya lami, sahani imeshikwa kifuani isimwagike, akasema kwa sauti ya chini sana:

“Mwana wa mwami, nimalize kula ao niache?”

Baba mdogo alisimama. Hakuwa anamtazama Zénon. Alikuwa anatazama ukingo wa buluu.

“Hii sahani ni ya wapi?”

Nikajibu mimi. “Ni ya kwetu, baba mdogo.”

“Nani alimupatia?”

“Mimi.”

“Leo?”

“Tangu Juni. Kila Jumamosi.”

Gari moja lilipiga honi kwa sababu tulikuwa tumeziba njia. Josias alikuja akaliondoa kwa ishara za mikono, kama kazi ya kila siku, kisha akabaki amesimama karibu. Baba mdogo alitoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu. Alikwenda kukaa kwenye ukingo wa barabara, akiwa ametugeuzia mgongo.

Zénon alibaki amepiga magoti. Nilimwambia, “Malizeni.” Sijui kwa nini nilimwambia kwa heshima. Alikula huku analia, mpaka mwisho, na mifupa akaipanga pembeni mwa sahani.

Nilizigawa zile kumi na moja. Zilikuwa zimepoa. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili, 23 Agosti

Baada ya misa, baba mdogo alizungumza kwa mara ya kwanza tangu jana. Mama alikuwa anamenya viazi. Mimi sikufukuzwa, basi nikabaki.

“Ile chakula haihesabiwe,” alisema. “Weye unauzisha. Mutu mwenye kulipa si mugeni.”

“Hajalipa hata siku moja. Uliza mutoto.”

Alinitazama. Nikatikisa kichwa. “Ile ya buluu si ya kulipa,” nilisema, na nilipokuwa nasema ndipo nilipoelewa kwa nini.

“Na sufuria?” alisema. “Sheria ni chungu ya mwami. Ile ni sufuria ya alumini! Uliinunua hapa sokoni, mbele ya macho yangu!”

“Ulitaka nibebe chungu ya udongo toka Ntambira mpaka Durban, na mutoto mukononi? Jiko ya mwami iko pale muke ya mutoto wake anawasha moto. Ao kuna jiko ingine imebaki? Nionyeshe, nitaenda kupikia kule.”

Baba mdogo alisimama, akaenda dirishani. Chini walikuwa wanatembeza farasi wawili waliofunikwa mablanketi.

“Ulimujua tangu lini?”

“Tangu mwezi wa sita. Nilipita na viazi, akanisaidia kuvuka barabara. Nikaona ule mukono. Nilirudi hapa, nikakaa pale unaposimama, nikawaza: Pierre-Claver atamupata. Leo, ao mwaka kesho. Na akimupata nitakuwa nimezika bwana yangu, nimekosa baba mukwe wa kuzika, na weye nitakuona siku ya Jumapili nyuma ya chuma. Basi nikachukua sahani.”

“Umemusamehe.”

“Hapana!” Kisu kilianguka kwenye karai. “Usiniwekee hiyo neno kinywani. Kila Jumamosi nikimupakulia mukono unaniuma. Sijamusamehe. Nimemufunga mbali na weye.”

Akaokota kisu, akaendelea kumenya.

Hasira yangu ya Jumanne imeondoka na sijui ilikokwenda. Nilidhani Mama ndiye pekee katika nyumba hii asiyefanya kitu kwa ajili ya Babu.

Jumatano, 26 Agosti

Mfuko wa kazi unaning’inia mlangoni. Nilipouinua ulikuwa mwepesi.

Jumamosi, 29 Agosti

Zénon hakuwepo. Mama alikuwa amepakua kumi na moja tu, kwani jioni ile sikurudi kuchukua sahani ya buluu, ilikuwa bado kwake. Chakula chake alikitia kwenye bakuli. Nilirudi nalo likiwa limejaa.

Jumatatu, 31 Agosti

Mvua ndogo ya kwanza. Harufu ya lami.

Jumamosi, 5 Septemba

Josias alinipa kitu kilichofungwa kwa gazeti. “Zénon amekwenda Port Elizabeth na lori la mzigo. Amesema umupatie mama yako mukononi, si mwingine.”

Ilikuwa sahani ya buluu, imesuguliwa hadi inang’aa. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama hakusoma sana shule, basi alinipa niisome, naye akakaa.

Upande mmoja ulikuwa na mchoro kwa kalamu ya risasi: kijito, daraja la magogo, shamba la kahawa la masista, mikaratusi mitatu, na kati ya wa pili na wa tatu mawe mawili. Upande wa pili maandishi machache, ya mtu asiyezoea kuandika:

“Nilifungua lango. Walisema wanataka kusema naye tu. Nilijua ni uongo lakini niliogopa, nikafungua. Walimuacha njiani amekufa. Nilirudi peke yangu, nikamuzika. Kichwa kiko upande jua linatokea. Nilimufunika na blanketi yangu maana sikukuwa na ingine. Sikuomba kitu. Mulinilisha na sahani hairudishwe tupu.”

Mama alichukua karatasi, akaweka kidole juu ya yale mawe mawili, akakiacha pale.

Baba mdogo aliporudi kutoka bandarini ilikuwa bado mchana. Mama alimpa karatasi. Aliisoma. Aliigeuza akautazama mchoro muda mrefu, akaanza kusema taratibu, si kwetu: “Hii daraja naijua. Tulikuwa tunavulia hapa. Hii mikaratusi aliipanda yeye mwenyewe.” Halafu akataja jina la Babu, lote, Ntabugi wa Ntambira. Jina lilikuwa halijasikika nyumbani mwetu karibu miaka miwili.

“Vita vimefunga njia,” alisema Mama.

“Siku moja vitafungua. Sasa tuko na pa kwenda.”

Jumapili, 6 Septemba

Baba mdogo amenyoa. Mama alimshikia kioo. Kidevu chake ni cheupe kuliko uso, na ni chembamba, ni kidevu cha Babu. Watu wa kwetu wachache walikuja baada ya misa, wakaimba, wakala, na Mama akakunja kitambaa cheusi akakiweka chini ya godoro. Matanga yameondolewa. Chepngetich alileta keki na kumwambia baba mdogo, “Shikamoo, mzee. Kumbe ni kijana!” Alicheka. Nilikuwa nimesahau baba mdogo anachekaje.

Ijumaa, 18 Septemba

Mchezo umechezwa. Ukumbi ulijaa. Ndevu za Chepngetich zilidondoka katika kisiwa cha pili, akazikamata hewani na kupiga kelele, “Upepo wa kaskazini!” Watu walipiga makofi.

Mwishoni, yule mzee mlisha nguruwe akiwa amelala chini, nilisimama. Mama alikuwa safu ya nne, na baba mdogo kando yake amevaa koti la kuazima. Nilisema, “Sasa baba amelala.” Sikusahau. Lakini sikumtazama aliyeuawa jukwaani. Niliona mikaratusi mitatu. Kisha nikafanya kitu ambacho hakikuandikwa: nikainama, nikaokota bakuli la yule mzee, nikalifuta kwa pindo la nguo yangu, nikatoka nalo.

Bi. Moonsamy aliniuliza nyuma ya pazia, “Hilo ndilo jibu?” Nilimwambia sijui bado.

Jumamosi, 19 Septemba

Mvua tangu asubuhi, mvua ya kweli ya kuotesha mbegu. Mama alipakua. Nilihesabu: kumi na moja za bati jeupe, halafu mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ile ya buluu, ukaijaza ugali, sombe na samaki mkubwa.

“Mama, amekwenda.”

“Najua.” Akabaki ameishika, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akaiweka mezani.

Nilizipeleka zile kumi na moja chini ya mwavuli wa Josias. Niliporudi nimelowa, baba mdogo alikuwa amekaa mezani, na sahani ya buluu iko mbele yake. Samaki alikuwa amebaki mifupa, imepangwa pembeni. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko.

Baba mdogo alimaliza tonge la mwisho. Akainuka, akaiosha sahani mwenyewe, akaikausha. Halafu akafungua kabati, akachukua kile kiberiti ambacho hakikuwa kimetumiwa, akakiweka ndani ya sahani, akampa Mama kwa mikono miwili.

Mama akawasha nacho jiko, tukanywa chai.